Chikanda, Chakula Kitokacho Katika Ua

Apitaye sokoni Lubumbashi aweza kukuta mkate wa rangi ya kahawia, mzito, ukikatwa vipande na akina mama. Mgeni hudhani ni nyama. Sivyo: ni chikanda, na asili yake ni ua.

Okidi za porini, za jamaa ya Disa, Habenaria na Satyrium, huota katika mabonde yenye maji na mbuga za juu za Katanga, Zambia na kusini ya Tanzania. Wakati wa kiangazi majani hufa, lakini kiazi hukaa hai udongoni kikingoja mvua. Mama hukausha viazi hivyo, huvitwanga, huchanganya unga wake na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi au maji ya majivu, kisha hupika akikoroga kwa nguvu mpaka ugande. Kazi hiyo yataka mkono hodari.

Lakini tazameni: mmea una viazi viwili, cha zamani kinachonyauka na kipya kilichojaa. Mchimbaji hutwaa kipya, nacho ndicho cha kuzaa ua la mwaka ujao. Mbegu ni kama vumbi, wala hazioti pasipo kuvu wa udongoni. Kwa hiyo kuilima shambani ni shida kubwa. Okidi zilipopungua Zambia, wachuuzi walizifuata hata Tanzania. Huko, uwanda wa Kitulo, uitwao Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ndani yake kuchimba ni marufuku. Nje ya mipaka, watu wangali wanachimba.