Kanda za Baba

Baba alikuwa na kanda za Mbaraka Mwinshehe, chache tu, moja aliirudisha nyuma kwa kalamu mara nyingi mpaka tundu likalegea. Mimi nilikuwa namcheka. Mzee, nalipia kila mwezi, nyimbo zote za dunia ninazo mfukoni!

Siku ya arobaini yake nikafungua orodha niliyomtengenezea kwenye simu. Nyimbo tatu zimefifia. Nabonyeza, kimya. Wala sikuibiwa, nilicholipia ni ruhusa ya kusikiliza tu, na mwenye haki akiondoa wimbo wake, msikilizaji huulizwi.

Siku hizi za kupitishia foleni ya Mwenge nazisikiliza hukohuko kwenye simu. Ninazozipenda kwa dhati nanunua faili kabisa. Bandcamp hukata asilimia 15 kwenye nyimbo za kidijitali, nyingi ya inayobaki inamfikia msanii, na wimbo ukishaupakua ni wako. Ila muziki wetu wa dansi wa zamani huko ni wa kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo, nikiri tu, nimeenda mara mbili kwa kijana wa kibandani aniwekee kwenye flashi. Mbaraka alifariki mwaka 1979, na pesa ile najua fika haifiki kwa warithi wake. Nililipa, nikaondoka haraka kama mtu aliyenunua kuku wa wizi.

Kanda za baba bado zipo. Redio ndiyo imegoma. Fundi kasema mpira wa kuzungushia kanda utapatikana Jumamosi.