Udi wa Mwananyamala

Ukishuka daladala Mwananyamala jioni na kuingia vichochoroni, pua itatangulia macho. Utapita kwenye mihogo ya kukaanga na samaki, utaruka maji ya sabuni yaliyomwagwa, kisha kutoka dirisha lenye pazia utakutana na harufu nzito ya mti, kama ardhi iliyonyeshewa. Huo ni udi.

Akina mama wengi wa makanisani huharakisha hatua wakiisikia. Wameambiwa udi ni wa waganga na majini. Mimi nimewauguza majirani Waislamu, nimekaa nao misibani na arusini, na naona tumewaachia waganga kitu kisicho chao. Injili ya Yohana, sura ya 19, inamtaja Nikodemo akileta manemane na udi kwa maziko ya Yesu. Zaburi ya 45, ambayo ni ya arusi, inautaja kwenye mavazi ya mfalme. Hapa mtaani pia mke hufukiza kanga na shuka kwa ajili ya mumewe, na hakuna jini aliyealikwa.

Yuko mama mmoja anayeuza marashi barazani kwake. Alinipaka tone la mafuta ya udi kwenye kiwiko kwa ndani, nami nilipoinua mkono ninuse, akaushika.

"Ngoja kwanza, sista. Huyu hajafika bado."

Kweli, mwanzo wake ni mkali: dawa ya kidonda, na zizi la ng'ombe kwa mbali. Wengi hukata shauri hapo hapo kwamba hawautaki. Baada ya nusu saa hivi ukali hutulia, ikabaki mbao kavu na ngozi ya kiatu kipya. Jioni, mikono ikiwa kwenye vyombo, utamu kama wa asali hupanda taratibu, na huo hauisikii mtu wa kwenye daladala. Huusikia aliye karibu nawe. Sababu yake ni rahisi. Joto la mwili hurusha kwanza chembe nyepesi za mafuta, zile nzito hubaki. Marashi ya spiriti hupanda mara moja na kupotea mapema.

Kama muuguzi, kinachonigusa zaidi ni asili yake. Mti wenyewe, Aquilaria, huota misitu ya Asia, kuanzia Assam nchini India hadi Indonesia. Ukiwa mzima, mbao zake ni nyeupe na hazina harufu ya maana. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hutoa utomvu mweusi wa kujikinga, na sehemu hiyo yenye kidonda ndiyo udi. Kwa kuwa watu waliikata ovyo, mwaka 2004 mkataba wa CITES uliamua kudhibiti biashara ya jamii yote ya miti hiyo. Msandali wetu wa Afrika Mashariki ulifuata mwaka 2013; wenyewe hung'olewa na mizizi, maana mafuta mengi yako huko.

Ndiyo maana udi halisi ni ghali. Mwingi wa mitaani umechanganywa na sandali, sukari na manukato ya kiwandani. Si ubaya, mradi uambiwe ukweli.

Jambo moja silifichi. Chetezo chenye makaa kisiwekwe chumbani kwa mzazi na mtoto mchanga huku madirisha yamefungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na udi huifunika kwa uzuri wake. Fukizeni nguo uani au chumba kingine kilicho wazi, mtoto akiwa mbali, na mwenye pumu pia. Mafuta nayo msimpake mtoto.

Kwa mtu mzima tone moja latosha, kwenye ngozi isiyo na mchubuko. Lakini epuka gauni jeupe la kwaya: mafuta ya udi ni ya kahawia, na doa lake halitoki kwa sabuni ya mche.