Brathe Alisema Kambi Iko Fiti Kuliko Pipeline

Brathe yangu ni mwanajeshi. Alikuwa Somalia mwaka mzima, na mwezi uliopita alirudi nyumbani kwa likizo. Nyumbani ni Pipeline, hapa Embakasi, orofa ya sita. Kwetu ukifungua dirisha unaweza kumsalimia jirani wa ploti ingine kwa mkono.

Siku ya kwanza mathe alipika chapo, watu wakajaa kwa nyumba, na jamaa akaanza kulinganisha. Manze, tulicheka hadi machozi.

"Kambini maji ni ya kupimiwa," akasema, "lakini angalau unajua utapimiwa lini. Hapa mfereji unakohoa saa nane usiku, unatoa hewa, halafu unalala tena." Ni ukweli. Siku hiyo alikuwa amebeba mitungi miwili ya lita 20 kutoka chini hadi kwetu, akaapa kwamba kule Eldoret walikofunzwa hakuna afande aliyewahi kuwafanyia hivyo.

Stima je? Kambini kuna jenereta na kuna mtu ambaye kazi yake ni hiyo jenereta. Kwetu token zikiisha saa mbili usiku, kila mtu anajifanya amelala ndio asiulizwe nani ananunua. Na usingizi? Kule akitoka zamu analala kama gunia, hata kama joto linaweza kuchemsha yai. Hapa chini kuna baa, juu ya baa kuna kanisa, na kuna jirani anayevuta kitanda usiku bila sababu. "Adui wa kule angalau hana spika," akasema.

Halafu kuna hii story ya ndizi. Wasomali hula wali na ndizi mbivu, sahani moja, na mkalimani wao ndiye alimzoesha. Sasa jamaa anaketi kwetu, anamenya ndizi, anaikatakata juu ya pilau. Mathe alimwangalia kama mtu aliyemwaga maji ya baraka. Akaja jikoni akaniambia polepole, "Huyu alitoka hapa akiwa mzima." Nikacheka tena.

Wasee wa maskani nao hawakungoja. Swali lao la kwanza, "Buda, umeua wangapi?" Akawajibu, "Mbu? Hesabu ilinishinda." Wakacheka, wakamnunulia soda.

Mimi nawe, unajua vile natafuta kontenti. Jioni moja tukienda dukani nikagundua anatembea vibaya. Barabara yetu imechimbwa kila mahali, leo ni bomba la maji, kesho ni nyaya za intaneti. Kila penye udongo mbichi, jamaa anazunguka. Mahali pengine aliona afadhali akanyage mtaro wa maji machafu, na viatu vyeupe kabisa, kuliko kukanyaga kifusi kidogo cha udongo. Nikatoa simu, nikarekodi kutoka nyuma, nikaweka muziki wa vichekesho na kuandika juu, "Mjeshi anaogopa matope." Kufikia asubuhi hiyo video ilikuwa imetazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti.

Aliiona. Hakukasirika, hata alicheka kidogo. Kisha akanirudishia simu na kusema, "Kule udongo uliochimbuliwa juzi haukanyagwi. Bomu huzikwa hapo. Mimi najua tuko Pipeline, lakini miguu bado haijajua."

Alisema hayo tu, akaenda kuoga na maji aliyobeba mwenyewe. Sikuuliza alijuaje. Nilifuta video.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikifikiria. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011, mimi nikiwa darasa la kwanza. Nimesoma msingi nikamaliza, nimesoma sekondari nikamaliza, na jeshi letu bado liko kule. Tarehe 15 Januari 2016, kambi ya El Adde iliposhambuliwa, hatukuwa na mtu wetu jeshini, lakini mathe aliketi kando ya redio akilia watoto wa wenyewe. Miaka michache baadaye brathe akaenda kusajiliwa. Siku hizi akiwa mteja siku mbili, mathe hasemi kitu. Anatoa nguo safi kabatini, anazifua tena.

Kwa hivyo hii ndiyo maoni yangu. Hilo swali la "umeua wangapi" tuliache. Tumelitoa kwa sinema na tunalirusha kwa mtu kama tunauliza matokeo ya mechi. Brathe ana utani tayari kwa kila swali la aina hiyo, na sasa naona utani wenyewe ni njia yake ya kufunga mlango bila kukukosea heshima. Cheka naye, ni mcheshi kweli. Lakini utani ukiisha usikimbie. Mathe humuuliza maswali mawili pekee: umekula? Umelala? La pili hulijibu baada ya kunyamaza kidogo, na mathe hungoja.

Jumapili iliyopita likizo iliisha. Nilimsindikiza hadi steji, nikiwa nimembebea begi. Njiani kulikuwa na mtaro mpya, umefukiwa usiku, udongo bado mwekundu. Kabla hajasema lolote, nikazunguka. Nikavuka hadi ng'ambo, nikapita nyuma ya kibanda cha smokie, nikamngoja hapo.

"Hata wewe?" akauliza, akicheka.

Nikamwambia viatu vyangu ni vyeupe.