Kurudilia na kuruka: somo la kinu na la ngoma kwa vijana wa judo na karate

Ndugu msomaji, kitabu hiki kinazungumzia mila, na pengine utajiuliza judo na karate zimeingilia wapi. Ni kweli, michezo hiyo ilitoka mbali. Judo iliundwa na Jigoro Kano, Tokyo, mwaka 1882. Karate ilitoka kisiwa cha Okinawa, na Gichin Funakoshi akaionyesha Tokyo mwaka 1922. Lakini mwili unaovaa kimono hapa kwetu ni mwili wetu. Kabla ya kufika kwenye tatami ulikuwa umekwisha kufundishwa na kinu, na jembe, na milima, na ngoma.

Sisi tulioanza mchezo huu Bukavu tukiwa wanafunzi wa sekondari, na leo tunasimamia watoto wa wengine, tuko na neno moja tu la kusema. Kurudilia ni kitu kimoja, na kuruka ni kitu kingine. Wakubwa wetu walijua kuvitenganisha. Siku hizi vinachanganywa, na magoti ya vijana ndiyo yanayolipa deni.

Tuanze na kurudilia. Nani kati yetu hakukulia karibu na kinu? Mama anatwanga sombe, dada yake anaingiza mchi wake, wa tatu naye anafuata, michi mitatu katika kinu kimoja na haigongani. Hakuna anayehesabu. Mchi unapanda, unashuka, pumzi inatoka pamoja na pigo, wimbo unashika mwendo. Msichana anayejifunza hupewa kwanza mchi mwepesi, tena peke yake. Hawezi kuingia kati ya wakubwa mpaka mkono wake uache kufikiri. Ndiyo maana ya kurudilia: tendo linafanywa mara nyingi sana, bila fujo, mpaka mwili ulijue njia yake wenyewe.

Judo iko na kinu chake, kinaitwa uchikomi. Unamshika mwenzako, unaingia kama utamtupa, unatoka bila kumtupa, unaingia tena. Mara kumi, mara mia. Masahiko Kimura, mmoja wa wanajudo wakali kabisa wa Japani, alijulikana kwa kufanya hivyo hata na mti. Wahindi nao waliwapa mieleka mabingwa kwa njia hiyo: Gama, aliyezaliwa mwaka 1878 na kufariki mwaka 1960, anasifiwa mpaka leo kwa kuchutama na kusimama maelfu ya mara, na kupiga pompe za kihindi bila kuchoka. Kwa mtu aliyekulia kwetu hilo si ajabu sana. Angemwona bibi yetu na shamba la mihogo, angeelewa mara moja.

Faida yake ni nini? Kwanza, njia ya tendo inaingia mwilini, na siku ya pambano hutafuti tena mguu uweke wapi. Pili, misuli inazoea kufanya kazi ndefu. Pambano la judo la wakubwa linachukua dakika 4, na likiwa sawa kwa sawa linaendelea mpaka mmoja apate alama. Aliyezoea kurudilia anabaki na pumzi wakati mwenzake anatafuta hewa kwa mdomo. Wazee walisema: bandu bandu huisha gogo. Ukitoa kijipande kila siku, mti mzima utakwisha.

Sasa tuje kwenye kuruka. Hapo kanuni inageuka.

Miaka ya 1960, mwalimu mmoja wa Urusi, Yuri Verkhoshansky, alitafuta namna ya kuwapa warukaji nguvu ya ghafla. Aliwapandisha juu ya kisanduku, wakajiachilia chini, na mara tu miguu ikigusa ardhi waliruka juu kwa nguvu zote. Aliiita njia ya mshtuko. Mwaka 1975 Mmarekani Fred Wilt aliyapa mazoezi ya namna hiyo jina linalojulikana leo ulimwenguni, pliometria.

Siri yake si ngumu. Msuli uko na tabia ya mpira. Ukivutwa ghafla na kuachiliwa papo hapo, unarudisha nguvu nyingi kuliko ukianza kutoka umetulia. Jaribu mwenyewe, ndugu msomaji, kama magoti yako ni mazima. Chutama, kaa hapo sekunde tatu, halafu ruka. Kisha simama, shuka haraka na upande mara moja. Mara ya pili utafika juu zaidi. Ndivyo teke la karate linavyoondoka kabla adui hajaliona, na ndivyo mwanajudo anavyoingia chini ya mwenzake kama umeme. Lakini nguvu hiyo haingoji. Kati ya kugusa ardhi na kuiacha haipiti hata robo ya sekunde. Ukikawia imepotea, sawa na mpira uliodunda kwenye mchanga.

Kwa hiyo pliometria haitaki mtu aliyechoka. Mguu uliochoka unakawia chini, goti linaingia ndani, kisigino kinapiga simenti. Hapo mtu hajifunzi tena wepesi, anajifunza uzito. Verkhoshansky mwenyewe, aliyefanya kazi na wanamichezo wa hali ya juu, aliwaruhusu miruko hiyo ya kisanduku mara 40 tu kwa siku ya zoezi, tena kwa mafungu ya kumi kumi yenye mapumziko katikati. Walimu wa leo wanawapa wanaoanza miruko myepesi 80 mpaka 100 kwa siku ya zoezi, na kupumzisha miguu siku mbili au tatu kabla ya kurudi.

Kumbe mila zetu zilikuwa na hesabu hiyo bila kuiandika. Tazama ngoma. Duara linapiga makofi, linaimba, linatikisika polepole. Hiyo ni kazi ya wote na inaweza kuendelea mpaka alfajiri. Anayeruka anaingia katikati, anaonyesha nguvu zake kitambo kidogo, anarudi kwenye mstari kupumua, mwingine anaingia. Duara linarudilia, mtu mmoja anaruka. Tazama pia nzango, mchezo wa wasichana unaopendwa sana Kinshasa na Brazzaville: wanaimba, wanapiga makofi, wawili wanaruka na kutoa mguu pamoja, kisha zamu inapita kwa mwingine. Ni wepesi mtupu, lakini wenye zamu.

Na ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, kulikuwa na mchezo wa kuruka juu ulioitwa gusimbuka. Mwaka 1907, katika safari ya Adolf Friedrich wa Mecklenburg, duki wa Ujerumani, ilipigwa picha ya kijana akipita juu ya vichwa vya watu waliosimama, na Adolf Friedrich akaandika urefu wa mita 2.50. Hapo kuna jambo la kukumbuka: waliruka wakikanyaga kitu kidogo kilichoinuka, kama jiwe au kichuguu, kwa hiyo kipimo hicho hakiwezi kulinganishwa na cha michezo ya Olimpiki. Hata hivyo, picha inasema kitu. Mruko ule ulikuwa tendo moja, la mtu aliyejikusanya, mbele ya watu waliotulia wakimtazama.

Wenye umri wanakumbuka pia Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, siku nchi yetu ilipoitwa Zaire. George Foreman alirudilia mapigo mazito raundi baada ya raundi. Muhammad Ali aliegemea kamba, akajikinga, akatunza nguvu. Kwenye raundi ya 8 alitoka kwenye kamba kwa mapigo machache ya haraka, na Foreman akaanguka. Watu walisema ni uchawi. Ilikuwa tu mtu aliyebaki na miguu myepesi mbele ya mtu aliyechoka.

Sasa, tuseme ukweli juu ya tunayoyaona. Mtoto akichelewa kufika, adhabu: aruke kama chura mara mia moja kuzunguka kiwanja. Akicheka, tena mia moja. Mwisho wa zoezi, wakati miguu imekwisha kabisa, kundi zima linachutama na kuruka kwenye simenti tupu, na mwalimu anapiga kelele: «Bado! Rudilia! Mtoto wa karate haogopi!» Ndipo mambo mawili yanapochanganywa: kuruka kunafanywa kama kutwanga. Mwenzetu mmoja, tuliyeanza naye mwaka uleule, alipitia njia hiyo chini ya mwalimu mmoja mkali. Alikuwa na miaka 13. Ilianza kwa uvimbe mdogo chini ya kofia ya goti. Akaambiwa ni uvivu, aendelee. Leo ni baba wa familia, na kupanda kutoka sokoni Kadutu na mfuko wa bugali ni lazima asimame mara tatu njiani.

Uvimbe huo madaktari wanaujua vizuri. Kwa mtoto anayekua, mshipa mnene unaoshuka kutoka kofia ya goti umeshikilia mahali ambapo mfupa bado haujakomaa. Kila mruko unavuta hapo. Mara chache si neno, mwili unajirekebisha. Mara mia kila jioni bila mapumziko, mahali hapo panawaka na kuvimba. Kumbe gogo linaloisha bandu bandu linaweza kuwa goti la mtoto.

Kuna wanaotujibu: «Nyinyi mnawalegeza watoto. Wajapani ndivyo wanavyofanya.» Tunawajibu kwa heshima. Kweli, Japani zamani ilikuwa na zoezi hilo, liliitwa mruko wa sungura, na wanafunzi waliruka hivyo mpaka kwenye ngazi za mahekalu. Lakini Wajapani wenyewe waliliacha, baada ya kuona linaumiza magoti na viuno bila kuleta faida iliyotarajiwa. Sisi tungekuwa tunalinda mila ya watu ambayo wenyewe wameitupa, na kuacha ya kwetu ambayo ilikuwa na akili.

Nidhamu? Nidhamu iko, na ni nyingi. Mtoto atakayefanya uchikomi mara mia mbili bila kuharibu hata moja, huyo amefundishwa nidhamu kuliko aliyeruka kama chura huku akilia. Na anayetaka kuadhibu, aagize kufagia tatami.

Kwetu sisi zoezi linakwenda hivi. Baada ya kupasha mwili joto, wakati miguu ingali mibichi, tunaruka kwanza. Wadogo wanaruka kamba, tena chini chini, au wanapanda kwa mruko kwenye ngazi moja na kushuka kwa kutembea, maana kupanda hakupigi goti kama kushuka. Wakubwa wanaoweza kuchutama vizuri na kutua kwa mguu mmoja bila kuyumba, ndio peke yao tunawapa kisanduku, nacho hakipiti sentimita 40. Tunaruka kwenye majani au udongo mlaini, si kwenye simenti. Mafungu ni mafupi: mmoja anaruka mara tano au sita, wenzake wanapiga makofi, zamu inapita. Na tunasikiliza. Mguu unaotua vizuri hausikiki, ukisikia «pu!» mtoto anakaa chini, kazi yake ya kuruka imekwisha siku hiyo. Baada ya hapo ndipo tunatwanga: uchikomi, ngumi za hewani, kuchutama polepole, pompe, kwa wimbo na kwa pumzi, mpaka jasho lichuruzike. Mbili kwa juma tunaruka. Kutwanga ni kila siku ya zoezi.

Juzi mama mmoja alikuja kutuuliza: «Mwalimu, mtoto wangu mbona haruki sana kama wa kule chini?» Tulimjibu: «Mama, anaruka kidogo ili aruke miaka mingi.» Alicheka, akasema hata kwake kinu hakitwangwi kwa hasira.

Mji wetu unaweza kutoa watu. Popole Misenga alizaliwa Bukavu, vita vikamtenga na nyumbani akiwa mtoto, na mwaka 2016 alisimama kwenye tatami ya Olimpiki, Rio de Janeiro, katika timu ya wakimbizi. Alimshinda Avtar Singh wa India kabla ya kushindwa na Gwak Dong-han wa Korea ya Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka 2015. Wengine kama yeye wako hapa sasa, wana miaka 10 au 12, wanapanda na kushuka vilima hivi na madumu ya maji. Tunachowaomba walimu wenzetu na wazazi ni kidogo: kabla ya kumwambia mtoto aruke mara mia, mtazame magotini, na ukumbuke kwamba kwenye ngoma zetu hakuna aliyeruka peke yake usiku kucha.