Tunajenga Nchi Kavu, Majini Tumemwachia Mungu

Katikati ya London, nyuma ya maghorofa ya mabenki na chini ya madaraja ya treni, kuna mifereji iliyochimbwa kwa sururu na koleo miaka 200 iliyopita, na maelfu ya watu wameifanya makazi yao. Mimi ni mmoja wao. Nimezaliwa na kukulia Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na leo nyumba yangu ya ughaibuni ni boti ya chuma iliyofungwa kando ya mfereji. Ndugu zangu wakisikia hivyo hudhani maisha yamenishinda. Hayajanishinda. Ila kuishi kati ya maji haya mawili kumenionyesha tofauti moja inayogharimu roho za watu wetu, nayo ndiyo nataka tuizungumze leo.

Nianze na huku. Boti kama yangu zina upana wa mita 2 na kidogo tu, ingawa urefu unaweza kufika mita 21. Wembamba huo una sababu: malango ya mifereji mingi ya katikati ya Uingereza yalijengwa karne ya 18 kwa upana wa mita 2.1 hivi, na chombo kinachotaka kuzunguka nchi lazima kipenye humo. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, stovu ya kuni na makaa ya mawe, tangi la maji, na betri zinazochajiwa kwa sola. Makaa, dizeli na mitungi ya gesi huletwa na boti ya muuzaji inayopita kwa wateja mmoja mmoja. Choo unakwenda kukimwaga mwenyewe kwenye kituo maalumu, na maji ya kunywa unayajaza kwa mpira kutoka bomba la umma. Bomba hilo likiganda kwa baridi ya Januari, unarudi kwenye ndoo.

Wengi hawakuletwa majini na mapenzi ya mashua. Wameletwa na kodi ya nyumba. Lakini mfereji nao una masharti yake. Sheria ya mwaka 1995 inasema chombo kisicho na maegesho ya kudumu lazima kiwe safarini kweli, kisikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Maegesho ya kudumu London ni adimu na bei yake ni kubwa, kwa hiyo wengi wetu tunahama. Canal & River Trust, taasisi iliyokabidhiwa mifereji ya England na Wales mwaka 2012, ina watu wanaopita kandokando ya maji wakiandika namba ya kila boti na mahali ilipofungwa. Leseni hupati bila bima, wala bila cheti cha usalama ambacho boti hukaguliwa upya kila baada ya miaka 4 ili kukipata. Tangu Aprili 2024, sisi tusio na maegesho tunalipa nyongeza juu ya ada ya leseni, na nyongeza hiyo imepangwa kupanda mwaka hadi mwaka. Naiona si ya haki, kwa sababu inamkamua yule yule aliyekimbia kodi ya nchi kavu. Na kuhama kwenyewe kuna gharama: wiki hii kazini ni mwendo mfupi wa baiskeli, wiki ijayo ni treni mbili, shule ya mtoto haihami na boti, na kila fomu inakuuliza anwani ambayo huna.

Mama yangu ndiye aliyeyaelewa maisha haya mapema kuliko wote. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa, na wavuvi wa ziwani nao huhama, wakifuata samaki kutoka mwalo mmoja hadi mwingine. Mama akinipigia simu, nikishamwamkia shikamoo, swali lake la kwanza ni lile alilozoea kumuuliza baba: "Leo umefunga wapi?"

Watu wa nyumbani huniuliza kama huku kuna ujirani. Upo, na unaletwa na uhaba wa ukingo. Boti ni nyingi, nafasi ni chache, basi unafunga chombo chako ubavuni mwa cha mwenzio. Unagonga paa lake la chuma, unaomba ruhusa, unarusha kamba. Kuanzia hapo kila utokapo na kila uingiapo unapita juu ya sitaha yake, na huwezi kumpitia mtu kibarazani kila asubuhi bila kumsalimia. Kwenye loki ni hivyo hivyo. Loki ni chumba cha maji chenye malango pande mbili, kinachopandisha na kuteremsha boti mahali ardhi inapobadilika kimo. Unazungusha hendeli ya chuma, vizibo vinainuka, maji yanaingia yakinguruma, boti inapanda taratibu. Lango halifunguki mpaka maji ya ndani na ya nje yalingane. Hapo ndipo unapoegemeza mgongo kwenye boriti yake na kusukuma kwa miguu. Mara nyingi mpita njia usiyemjua husimamisha baiskeli yake, akaweka mgongo wake karibu na wako, lango likafunguka, akaenda zake.

Hata hivyo mwalo wa nyumbani una kitu ambacho London haikipati. Mvuvi mgeni akiingia mwaloni hujitambulisha kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi wa eneo lao. Namba ya chombo chake imeandikwa ubavuni, lakini linalomtambulisha zaidi ni kabila, ukoo na jina la mtu aliyemtuma. Anapewa pa kulala kabla ya kuulizwa atakaa siku ngapi. Asubuhi mitumbwi ikirudi, dagaa wanamwagwa kuanikwa, mama ntilie ana chai na maandazi, na mwenye njaa asiye na pesa hula kwa ahadi. Mtu akifiwa, mwalo mzima unachanga. Huku naweza kufariki ndani ya boti yangu na wa kwanza kugundua akawa yule mwenye kuandika namba. Nikiulizwa ni wapi nataka kuzeekea, jibu langu ni Ukerewe.

Lakini nikiulizwa ni wapi nataka mwanangu apande chombo, nasita.

Tazama mtumbwi wa abiria ukipakia siku ya gulio. Kina mama wanapokezana matenga. Magunia ya mihogo yanatangulia chini, pikipiki inalazwa juu yake, watoto wanabanwa katikati. Kijana mmoja ana kopo la rangi lililokatwa mdomo. Kazi yake ni kukumba maji yanayovuja, na anaianza kabla injini haijawashwa. Mtu mmoja zaidi anakuja akikimbia, naye anavutwa ndani. Ubao wa mtumbwi umebaki kiganja kimoja juu ya maji. Majaketi ya kujiokolea, kama yapo, ni machache, na yamekaliwa. Hakuna aliyeandika jina la mtu. Nahodha anasema tutafika kwa uwezo wa Mungu, na abiria wanaitikia Amina.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitoka Bugolora kwenye gulio. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Nchi nzima ililia, kama ilivyolia tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama na mamia ya watu karibu na Mwanza. Misiba hiyo miwili tunaikumbuka kwa tarehe. Wanaozama mmoja mmoja, wawili wawili, kwenye mitumbwi ya dagaa na ya abiria, hukumbukwa na wajane wao tu.

Ipo tabia ya kusema Wazungu wana utaratibu na sisi hatuna, kana kwamba utaratibu ni rangi ya ngozi. Historia ya mifereji hii inaikanusha. Alfajiri ya tarehe 2 Oktoba 1874, boti iliyoitwa Tilbury ilikuwa ikipita Regent's Park imebeba baruti na mafuta. Ililipuka chini ya Daraja la Macclesfield, ikaua waliokuwamo na kulibomoa daraja. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Vilipuzi. Nguzo za chuma za daraja lile zilisimamishwa upya na bado zipo. Ukipapasa kingo zake utakuta mifuo mirefu iliyochimbwa na kamba za farasi waliokuwa wakivuta boti. Mifuo iko pande zote mbili, kwa sababu nguzo ziligeuzwa zilipojengwa tena.

Siku hizo familia nzima zilisongamana katika kijumba cha nyuma ya boti, na watoto wao hawakuonja shule. Aliyelivalia njuga suala hilo ni raia mmoja, George Smith wa Coalville, aliyeandika na kusumbua wabunge mpaka sheria ya mwaka 1877 ikaagiza boti zote za kuishi zisajiliwe na idadi ya watu wanaoruhusiwa kuishi ndani yake iwekwe wazi. Mizigo ilipohamia kwenye reli, na baadaye kwenye malori, baadhi ya mifereji ikafukiwa. Mwaka 1946, L. T. C. Rolt, Robert Aickman na wenzao wakaunda Inland Waterways Association kuitetea, na waliofuata nyayo zao wakaingia kwenye tope na kuzoa uchafu kwa mikono. Mfereji wa Kennet and Avon, uliokuwa umekatika, ulifunguliwa tena na Malkia Elizabeth mwaka 1990 baada ya kazi ndefu ya watu wa kujitolea. Na baharini, boti za uokoaji za RNLI, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1824, bado zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wasiolipwa mshahara.

Kwa hiyo nisemapo tuige, sisemi tuige kodi wala sheria ya siku 14. Nasema tuige kuhesabu watu, na tuige raia kulibeba jambo bila kungoja. Serikali ina wajibu wake. TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, ipo na hukagua na kuvipa leseni vyombo vidogo. Daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, na waliokuwa wakipanga foleni ya kivuko sasa wanapita kwa magari. Lakini kwenda Ukara na visiwa vidogo bado ni kwa chombo, na mkaguzi hawezi kusimama kila mwalo kila alfajiri. Anayeweza ni mtu wa pale pale, akiwezeshwa.

Hapa ndipo sisi tulio nje tunapoingia. Tunatuma pesa. Tunajenga nyumba za vigae zenye geti, tunachangia harusi, tunasafirisha maiti kwa gharama kubwa ili zizikwe nyumbani. Yote ni mema. Lakini mama anayetunzwa katika nyumba hiyo ya vigae huenda gulioni kwa mtumbwi uleule, bila jaketi. Tumejenga nchi kavu, majini tumemwachia Mungu, na Mungu alishatupa akili ya kuhesabu.

Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama majini. Naomba kila kikundi cha WhatsApp cha watu wa Ukerewe, Ukara, Sengerema, Musoma na Bukoba, popote kilipo duniani, kichague mwalo mmoja kabla ya siku hiyo. Kiwanunulie watu wa mwalo huo majaketi ya kujiokolea, yakiwamo madogo ya watoto. Kilipie daftari na kijana wa BMU wa kuandika jina la kila abiria kabla kamba haijafunguliwa. Kiwape nahodha na abiria sharti moja: asiye na jaketi habebwi. Gharama yake ni ndogo kuliko kusafirisha jeneza moja kutoka Ulaya, na sisi tunaijua bei ya jeneza.