Dakika tano za kunyamaza

Wanachama wenzangu wakisikia kwamba Jumamosi zangu nazimaliza nikipima presha za watu kwenye utafiti wa dawa hapa London, hunicheka. Wanasema kazi inafanywa na mashine, mimi nabonyeza tu. Ni kweli nabonyeza. Lakini kabla ya kubonyeza kuna mambo, na mengine yanatugusa sisi Waswahili kuliko wengine.

Mshiriki akifika hukalishwa kwenye kiti chenye egemeo, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Awe ameshakwenda msalani, na asiwe ametoka kunywa kahawa wala kuvuta sigara. Kisha dakika tano za kunyamaza, ndipo tupime mara tatu na kuchukua wastani. Sasa jaribu kumwambia mtu mzima wa Lamu au Unguja akae dakika tano mbele ya kijana asiyemsemesha! Salamu zetu hazina kituo: zikiisha za nyumbani kuna za watoto, za masomo, za baridi hii. Na kuzungumza kunapandisha presha, hata mazungumzo yakiwa mema. Basi mimi hutoa shikamoo mlangoni, tukamaliza habari zote tukiwa bado wima, ndipo saa ianze.

Mkanda unaofungwa mkononi nao una makuu yake. Mwaka 2023 watafiti wa Johns Hopkins, kule Baltimore, walichapisha matokeo ya kuwafunga watu mikanda ya saizi mbalimbali. Kwa wale ambao mikono yao inataka mkanda mkubwa kabisa, ule wa kawaida uliipandisha namba ya juu kwa karibu 20. Dawa moja ya presha, kwa dozi ya kawaida, huiteremsha namba hiyo kwa kiasi cha 9 hivi. Kosa la mkanda peke yake linaimeza dawa yote unayoichunguza.

Hata chumba kina neno. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SPRINT, wenye washiriki zaidi ya 9,000, ulitangaza mwaka 2015 kwamba kuishusha namba ya juu chini ya 120 kunaokoa maisha kuliko kuridhika na chini ya 140. Baadaye madaktari wakabishana: je, wakati wa kupima mhudumu alikuwa chumbani au alitoka? Vituo vilipoulizwa, ikaonekana havikufanya kwa namna moja. Wengine huona huo ni ubishi wa kipuuzi. Mimi sioni hivyo, maana 120 ya mtu aliyetulia si 120 ya mtu aliyepimwa mbiombio kliniki.

Lakini anayeharibu zaidi ni binadamu mwenye kalamu. Enzi za zebaki wapimaji walipenda namba zinazoishia na sifuri. Ndiyo maana mwaka 1964 Geoffrey Rose na wenzake, papa hapa London, walieleza kifaa kinachomficha mpimaji zebaki mpaka amalize kusikiliza. Mashine zetu zimeondoa tamaa ya sifuri. Tamaa ya mpaka bado ipo.

Katika utafiti wetu, anayeingia lazima afikishe 140. Siku moja alikuja bibi mmoja wa Kizanzibari (nimebadili mambo mawili matatu asijulikane). Alitaka sana kuingia, kwa kuwa washiriki huangaliwa kwa karibu. Wastani wake ukatoka 136.

“Mwanangu,” akaniambia, “nne tu hizo. Niandikie.”

Nikamweleza kwamba mtu akiingizwa kwa namba ya kupandikiza, akirudi na kupimwa vizuri ataonekana ameshuka, na dawa itapewa sifa isiyo yake. Wenye presha kweli watakuja kumeza dawa hiyo kwa kuamini hizo nne zetu.

“Kwa hiyo umekuja Ulaya kusomea kuwanyima wakubwa zako.”

Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa yalisemwa kwa Kiswahili. Wazungu wanaokataliwa huondoka na asante. Nikaandika 136, nikamwandikia na karatasi ya kumpelekea daktari wake, kwa sababu 136 nayo si ya kupuuzwa. Aliikunja mara mbili, akaitia mkobani, akaniuliza basi la kurudi linasimama upande gani wa barabara.