MGENI WA ELIMU ALIPOKEWA VIPI?



Ndugu yangu wa Temeke, wa Kinondoni na popote unaponisoma. Basi la Kilwa unalipandia hapo hapo Mbagala Rangi Tatu. Je, unajua Kilwa hiyo na miji ya mwambao ilipokea wageni wa namna gani?

Mwaka 1331 alikuja Ibn Battuta, mwanachuoni kutoka Tangier, Morocco. Alipofika Mogadishu akaambiwa desturi ya mji: mfanyabiashara hufikia kwa mwenyeji wake, lakini mtu wa elimu hupelekwa kwanza kwa sultani. Kadhi aliyempokea asili yake ni Misri. Akalazwa katika nyumba ya wanafunzi wa elimu, akaletewa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na embe.

Akashuka mpaka Kilwa. Huko akawakuta masharifu waliotoka Hijaz, wageni wa Sultani Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa ukarimu wake. Tarekhe ya Kilwa inasimulia kuwa sultani huyo mwenyewe alikaa Aden miaka miwili akisoma, alipokuwa safarini kwenda Hijja.

Umeiona njia hiyo? Morocco, Misri, Hijaz, Aden, Mogadishu, Kilwa. Watu walikwenda kusoma, na wenye elimu wakaja.

Sasa zingatia. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi tu. Kilichomfanya mwanachuoni ashuke na akae ni wenyeji waliomwandalia pa kulala na cha kula.

Nasi je? Ustadh anayemsomesha mwanao alifu na bee uani kwa watu, kodi ya chumba chake analipa nani? Tuisheni ya hisabati unalipa mapema, tena kwa adabu. Ada ya madrasa ikidaiwa, unasema "Insha Allah", na mwezi unakatika. Akichoka akaenda kuendesha bodaboda, tunalalamika watoto hawajui kusoma Qur'ani!

Huhitaji kuwa sultani. Nyumba tatu za mtaa mmoja zikishirikiana, mchele wa ustadh umepatikana. Leo baada ya Alasiri mfuate, umuulize kwa siri: "Ustadh, hali ya nyumbani ikoje?" Kisha usiondoke mikono mitupu.

Allah atujaalie kuwa wenyeji wema wa elimu. Aamiin.

Mfikishie na mwenzio.